Barafu ya Kwenda Kilwa

Wiki niliyoacha kazi, vijana wa chumba cha mashine walinionyesha kwenye simu watu wa nchi za baridi wamekaa juu ya ziwa lililoganda. Wametoboa tundu kwenye barafu, wameteremsha kamba, wanangoja samaki mmoja mkubwa wa kupiga naye picha. Vijana walicheka sana. Mmoja akaniuliza, kwa heshima ya mzee, "Vieux, weye ulifanya kazi ya barafu maisha yote, ulisha kuvua namna hii?" Nikamwambia ndiyo, karibu. Tofauti ni kwamba wale barafu wanaikuta ziwani. Sisi tuliibeba kutoka Lubumbashi mpaka Kilwa yetu ya ziwani, siyo ile ya pwani, kwenye barabara ile mnayoijua, na kuna wakati nusu yake ilitukimbia njiani.

Hawakuniamini, kwa hiyo naandika. Naandika polepole, maana shule yangu iliishia msingi na mkono wangu umezoea msumeno kuliko kalamu. Habari za vyeo na mshahara naziacha. Vyeo vilikuwa vichache, na mshahara wa miaka ile ukiutaja leo watu watadhani natania.

Nilianza nikiwa kijana mwenye haya nyingi. Nilitembea kutoka Katuba mpaka kiwandani, upande wa Bel-Air, na asubuhi ya kwanza nilisimama getini bila kubisha mpaka mlinzi akanidhania mwizi. Aliyeniokoa ni Vieux Kalenga, mkubwa wa barafu, mzee mfupi aliyevaa koti la sufu hata jua la mwezi wa kumi likiwaka. Alinipeleka kwenye tangi bila kuniuliza jina.

Nyinyi mliozoea mashine za siku hizi hamkuliona tangi lile. Tulijaza maji matamu katika ndoo ndefu za bati, tukazitumbukiza ndani ya maji ya chumvi. Mashine ya amonia ilipoza yale maji ya chumvi kupita kiasi, lakini hayakuganda, maana chumvi haiyaruhusu. Yaliyoganda ni yale matamu ndani ya ndoo. Kesho yake unavuta ndoo kwa winchi, unaichovya kwenye maji ya kawaida, na mkate wa barafu unateleza nje, mrefu kama mtoto wa shule.

Vieux Kalenga aliuweka mkate mmoja mbele yangu akasema, "Lamba."

Nikafikiri ananichezea.

"Lamba, petit. Barafu haijilambi yenyewe."

Nikalamba, na ulimi wangu ukanata. Wapakiaji walicheka wakishika magoti. Mzee hakucheka. Alinimwagia maji ya vuguvugu, nikabanduka, akanieleza. Bati huoza. Likitoboka, hata tundu la sindano, chumvi inaingia ndani ya ndoo, na mkate ule unakuwa laini, unayeyuka upesi na kuiharibu mikate jirani. Kwa macho hauna tofauti na mwingine.

"Hapa macho inadanganya," alisema. "Pua amonia imesha kuiua. Ulimi njo iko na ukweli."

Kwa hiyo pale kwetu kila mtu alilamba. Mimi, yeye, wapakiaji, hata mlinzi akiwa na kiu. Hakuna mkate uliotoka bila kupita ulimi wa mtu. Wateja hatukuwaambia, nao hawakuuliza.

Mengine alinifundisha kwa mkono: kukata kwa msumeno wa meno mapana na kuuacha uende wenyewe bila kuusukuma, kutafuta amonia inayovuja kwa utambi wa salfa, maana moshi ukigeuka mweupe mzito ndipo penye tundu, kufunika barafu kwa unga wa mbao mkavu, siyo mbichi. Unga mbichi unaila barafu. Haya bado yana kazi hata leo, umeme ukikatika.

Kisha ikaja miaka mibaya. Mzungu mwenye kiwanda alikuwa amekwisha kuondoka, na kiwanda kikawa cha Patron Kambale, bosi wetu mpya, mfanyabiashara wa kutoka Kivu ya Kaskazini, mtu wa kuuza kwa jumla na wa malori. Alikuwa Mkristo wa kweli. Tulisali uani kabla ya kupakia, na pombe hakuitaka hata harufu yake. Lakini mji ulikuwa umegeuka. Askari walikuwa wamevunja maduka, wakapora mpaka milango. Fedha ya asubuhi haikununua kitu jioni. Kampuni kubwa ya shaba ililaza mashine, na watu waliokula kwa jasho lao wakabaki kukaa vibarazani wakitazamana. Mtu akikaa kibarazani muda mrefu bila kazi, anaanza kuuliza jirani yake ametoka wapi.

Hapo ndipo tulipoanza kuhesabiana. Wapakiaji waliokuwa wakila sahani moja wakagawanyika sahani mbili: wa hapa, na wa Kasai, wenye asili ya jimbo lile la mbali, ambao mji ulianza kuwafukuza kwa treni warudi huko. Ukipita, mazungumzo yanakatika. Ukikohoa, mtu anageuka. Patron alifunga kufuli juu ya kufuli, na alipoulizwa kitu alijibu kwa kuuliza, "Nani anataka kujua?" Simlaumu. Naye alikuwa mtu wa mbali, na aliona namna walivyotendwa wa mbali.

Dereva wa lori la Kilwa aliitwa Mbuyi. Alizaliwa hapa hapa Lubumbashi, na baba yake vilevile. Babu yake ndiye aliyeletwa na treni kutoka Kasai kuchimba shaba. Lakini jina ni jina, na wakati ule jina lilitosha. Alikuwa mrefu, mwenye maneno mengi, na aliniita "Petit Bubu", bubu mdogo, kwa sababu nilikaa kando yake safari nzima bila kusema. Kazi yangu ilikuwa kulinda barafu: kukaza bashi, lile turubai la lori, kuongeza unga wa mbao, kukimbiza watoto waliodandia kwenye vilima.

Majirani wa Mbuyi walikuwa wamekwisha kumwambia aende stesheni akangoje treni na wenzake. Hakuenda, maana Patron alikuwa amempa karatasi yenye muhuri na, zaidi ya hiyo, neno lake: huyu ni dereva wangu, msimguse. Watu walimheshimu Patron kwa sababu ya barafu na unga wa mahindi. Neno lile ndilo lilikuwa ukuta wa nyumba ya Mbuyi.

Sasa, barafu ikaanza kufika Kilwa ikiwa pungufu. Siyo kidogo. Muhindo, mdogo wake Patron aliyenunua samaki kule ziwani, alipiga phonie, ile redio ya wafanyabiashara: barafu imefika nusu. Safari iliyofuata ikawa vilevile. Patron hakufoka. Alimwita Mbuyi, nami nikiwa nyuma, akasema, "Kuko baa mingi njiani. Baa inapenda barafu."

"Patron, muulize Petit Bubu. Yee iko na miye kila fasi."

Patron akanitazama. "Petit Bubu haisemi kitu. Njo maana unapenda kutembea naye."

Baada ya hapo hata mimi nilianza kumwangalia Mbuyi. Tukisimama kununua mihogo, namfuata kwa macho. Naye akanifuata mimi. Siku moja alisema bila kunigeukia, "Kama ni weye unaangusha mikate nyuma nikiwa napanda kilima, uniambie tugawane." Alicheka. Sikujua kama anacheka kweli.

Jambo lingine lilinikera, ila sikulipa uzito wake. Zamani tulipakia sote. Sasa tulikuta sakafu ya lori imekwisha kupangwa, unga wa mbao umetandikwa vizuri, barafu ya tabaka la kwanza imelala. Patron alisema watoto wa dada yake wamesaidia mapema. Na Kilwa, Muhindo alitufukuza kwa upole. "Muende mupumzike. Muende muvue. Kazi ya kushusha ni ya miye."

Tukaenda kuvua. Kilwa tulikuwa na rafiki, Chola, mvuvi mwenye mtumbwi uliokuwa na viraka vya lami vingi kuliko mbao. Samaki wa biashara walivuliwa kwa nyavu na watu wa kazi. Sisi watatu tulimtafuta mmoja tu, sampa, yule wa ndevu asiye na magamba, anayekua mpaka anakuwa na uso wa mtu mzima. Chola aliapa kwamba chini ya mawe ya gati la zamani anakaa mmoja mkubwa ambaye alikata kamba yake na ya baba yake.

"Ya baba yako ilikatika kwa kuoza," Mbuyi akamwambia.

"Ilioza kwa sababu ya kumngojea."

Sampa anapenda sabuni. Msicheke, ulizeni watu wa ziwa. Kipande cha sabuni ya kufulia kwenye ndoana kinashinda nyama. Lakini miaka ile sabuni ilikuwa haba kuliko nyama, na kila safari tulibishana ni sabuni ya nani itaingia majini. Safari ninayoielezea, Mbuyi alitoa yake. Mke wake alikuwa amemfungia kipande kwenye kitambaa ili afue shati.

"Nitarudi mchafu," alisema. "Hata nikiwa safi banasema niko muchafu."

Jioni kamba ilikwenda. Haikushtuka. Ilikwenda tu, kama mtu anayeondoka shereheni bila kuaga. Chola alikaa chini mtumbwini na kukaza miguu, Mbuyi akamshika Chola mabega, mimi nikashika kamba nyuma yao na kitambaa mikononi. Mtumbwi ulizunguka. Mbuyi, ambaye hakujua kuogelea, alianza kutaja watoto wake kwa majina. Kisha kichwa cha sampa kikatoka majini. Kilikuwa kipana kama beseni la kunawia, na vijicho vidogo vilivyotutazama kama karani anayetazama watu waliokosa karatasi.

Desturi ya Kilwa ni kwamba samaki mkubwa hakatwi na aliyemvua. Lazima afike mzima mbele ya watu. Ukimkata, ni maneno matupu, kila mtu atasema ulinunua vipande sokoni. Na Mbuyi alitaka sana watu wa uani wamwone. "Bamwone mara moja," alisema. "Wiki moja bazungumuze samaki, baache kuzungumuza miye."

Asubuhi Muhindo alikuwa amemaliza kushusha na kupakia samaki wa biashara. Alisema tena kwamba barafu ilikuwa pungufu, na tayari alikuwa amepiga phonie. Sampa hakuenea kati ya vikapu, kwa hiyo nilifukua pembe ya mbele kabisa, nyuma ya kibanda cha dereva, chini, palipobaki vipande vya barafu na unga wa mbao ulioloa. Nikamlaza pale, tumbo chini, nikamfunika.

Tulisafiri na mvua na matope. Kwenye kila kizuizi askari walichoma unga wa mbao kwa chuma, wakatoa samaki wao, wakauliza kama tuna sukari, sabuni, chumvi. Chumvi ilikuwa imekuwa kama dhahabu. Mbuyi aliwaita chef, yaani mkubwa, akajibu ukweli aliokuwa nao: "Chef, tuko na samaki na barafu tu."

Tulipoingia uani, Patron alikuwa amesimama katikati, na wapakiaji wote wameacha kazi. Wa hapa upande mmoja, wa Kasai upande mwingine. Getini walikaa askari wawili wakingoja barafu yao ya bure, kama kila wiki. Nilijua tumeingia mahali pabaya, maana hakuna aliyetusalimu.

Patron alisema kwa sauti ya wote kusikia. "Mbuyi, nilikulinda. Nilisema mbele ya bantu, huyu ni wa miye. Na weye unauza barafu yangu. Acha funguo. Neno langu nimelirudisha. Treni inangoja bantu bako, uende nao."

Mtu mmoja upande wa watu wa hapa akasema, "Tulisema." Hakulisema kwa nguvu.

Mbuyi alikwenda nyuma ya lori, akalegeza bashi. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea. "Sawa. Lakini kwanza muone samaki."

Nadhani alitaka tu kuondoka kama mtu aliyefanya kitu kizuri. Tulipanda, tukaondoa vikapu, tukamshika sampa kichwani na mkiani. Kichwa kilikuwa laini, kinalegea kama samaki yeyote aliyekaa kwenye barafu. Mkia na tumbo havikukunjika. Vilikuwa vigumu kama ubao. Tulipomteremsha, mkia uligonga chuma cha lori, ukalia ko.

Wapakiaji wakacheka. Vieux Kalenga naye alicheka, kisha akaacha ghafla. Alinitazama. Mimi nilikuwa nimekwisha kuelewa.

Barafu tupu haigandishi samaki. Inampoza tu, hata umlaze mwezi. Kinachomfanya samaki kuwa ubao ni barafu iliyotiwa chumvi, ile baridi kali ya tangi letu. Niliokota kipande cha barafu kutoka pembe ile ya chini, nikalamba. Kisha nikalamba kipande cha juu. Cha juu kilikuwa kitamu. Cha chini kilikuwa bahari.

Patron aliniona nikilamba, na uso wake ukabadilika. Hapo nikajua yote. Tabaka lililopangwa mapema. Muhindo anayeshusha peke yake. Patron alikuwa akificha magunia ya chumvi chini ya barafu ili askari wa njiani wasiyapate, na sisi hakutuambia kwa sababu hakutuamini. Magunia yaliloa, chumvi ikatiririka, barafu ikafa kutoka chini. Mwizi aliyemtafuta alimpakia mwenyewe.

Alisogea karibu nami, akasema kwa sauti ya chini, "Ni ndoo zako zinatoboka, petit. Tutaongea ofisini."

Mbuyi alisikia. "Hapana, Patron. Ulinitukanisha hapa. Utasemea hapa."

Patron akatupa jicho getini, walipokaa askari. Nami nikaelewa kwamba hawezi. Akitamka chumvi, askari wale watafukua lori, watafukua ghala, labda watafukua na nyumba yake. Na asipotamka, Mbuyi ataondoka pale akiwa mwizi, na jioni hiyo hiyo majirani watajua kwamba ukuta umeanguka. Mimi, ambaye nilishindwa hata kubisha geti, niliona hakuna mwingine wa kusema.

Nilivunja barafu ya chini vipande, nikaviweka kwenye sinia la samaki. Nikasema, "Lambeni."

Hawakuelewa. Nikasema tena, "Tunalambaka kila siku. Lambeni na hii."

Vieux Kalenga alikuwa wa kwanza. Alilamba, akatema, akarudi mahali pake. Akaja yule aliyesema "tulisema". Alilamba, akasimama akitazama chini. Wakaja mmoja mmoja, wa hapa na wa Kasai, mstari ukachanganyika bila mtu kuamrisha. Kila mmoja alilamba, akamtazama Patron, akaondoka. Hakuna aliyelitamka neno chumvi. Kila mtu pale alijua ladha ile ni ya nini na inafanya nini.

Askari mmoja getini akacheka. "Angalia bale. Njaa imewafanya mbuzi."

"Iko joto, chef," Vieux Kalenga akamjibu. "Njo dawa yake."

Mbuyi alichukua kipande cha mwisho, akampelekea Patron mkononi. "Na weye, Patron."

Patron alilamba. Kisha alikitia mdomoni chote, akakimeza. Kisha akasema, "Alhamisi lori inaenda Kilwa. Mbuyi ataendesha." Na baadaye kidogo, akielekea ofisini, "Neno langu linabaki."

Ndivyo alivyoomba radhi. Watu walipumua. Tulimkata sampa kwa msumeno wa barafu, maana kisu kilikataa, na kila mtu wa uani alipata kipande. Siku hiyo walikula sahani moja. Niliamini kwamba mambo yamekwisha.

Jumatano nilimpelekea Mbuyi shati lake alilosahau ndani ya lori. Nilikuta godoro limefungwa kamba, masufuria ndani ya gunia, watoto wamevaa viatu. Mke wake aliniitikia, kisha akaendelea kufunga.

Nikamwuliza, "Papa Mbuyi, si banajua sasa? Bote balilamba."

"Balilamba," alisema. "Ulisema muzuri, Petit Bubu. Sitasahau." Alikaa juu ya gunia. "Lakini fikiria. Miaka yote hii nimeendesha lori ile, na muntu hakunisemea mpaka samaki amekuja kusema. Siku ingine lori itakwama ku matope, barafu itayeyuka na jua tu. Watakuja kulamba nini? Jua haina na ladha."

Alinipa funguo za lori nimrudishie Patron, na karatasi yenye muhuri akabaki nayo, kwa ajili ya njiani, alisema, kama kuna mtu njiani anayesoma. Jioni waliondoka kwenda stesheni kwa miguu, yeye mbele na godoro kichwani.

Alhamisi asubuhi tulipakia, sote pamoja, kuanzia chini, na Patron mwenyewe akiangalia. Nikampa funguo. Alizipindua mkononi, akauliza kama najua kuendesha. Nikasema sijui. Akamwuliza mlinzi, akawauliza wapakiaji, mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja alisema hajui, hata wale wawili ambao nilikuwa nimewaona wakiendesha.

Lori halikwenda. Barafu ile, tamu yote, niliyoilamba mkate kwa mkate, iliyeyuka pale uani chini ya bashi, maji yakatiririka mpaka getini mbele ya macho yetu. Na siku hiyo hakuna aliyeuliza nani ameiiba.